Mtoto wa Nani? Majina ya Undugu na Mabadiliko ya Familia kati ya Kasongo na Salamabila

Utangulizi

Wanafunzi wa isimu tumezoea kusikia kwamba familia duniani kote inaelekea upande mmoja: kutoka ukoo mkubwa kwenda nyumba ndogo ya baba, mama na watoto wao. Wazo hili lina wenyewe. Mwaka 1963 mwanasosholojia Mmarekani William Goode aliandika kitabu kizima kuhusu mapinduzi ya familia duniani, na ndani yake alitazamia kwamba viwanda na miji vitazivuta jamii zote karibu na familia ya mume na mke. Tangu hapo Marekani imekuwa kipimo, na wengine tunaulizwa tumefika wapi katika safari hiyo.

Makala hii inalipima wazo hilo mahali pamoja, kusini mwa Maniema: Kasongo, mji mkongwe wa Kiswahili, na Salamabila, mji wa dhahabu katika wilaya ya Kabambare. Kipimo changu ni maneno. Neno la undugu halibadiliki bure. Likibadilika, kuna mtu amepata haki au ameipoteza: haki ya kurithi, ya kulea, ya kutajwa kwenye karatasi. Nitayafuata maneno machache tu, nayo ni mtoto, mjomba, binamu, bibi, jamaa na mahari. Mwishoni nitavuka bahari kwenda Marekani yenyewe, kwa sababu watu wa sehemu zetu wamefika huko, na neno mtoto limewaponza mbele ya meza ya ofisa.

1. Baba wengi, mjomba mmoja

Mwaka 1871 Mmarekani mwingine, mwanasheria Lewis Henry Morgan wa Rochester, alichapisha jedwali kubwa la majina ya undugu kutoka pande nyingi za dunia. Kilichomshangaza ni kwamba majirani zake Waseneca, ambao ni tawi la Wairokwa, walimwita ndugu wa kiume wa baba kwa jina la baba, na dada wa mama kwa jina la mama. Ndugu wa kiume wa mama na dada wa baba ndio waliokuwa na majina yao ya pekee. Tangu hapo wanaanthropolojia wanauita mpangilio huo mfumo wa Iroquois.

Mswahili yeyote akisoma hayo hashangai. Ndugu wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Ndugu wa mama ni mjomba, na dada wa baba ni shangazi. Matokeo yake yanajulikana: watoto wa baba mdogo ni ndugu zangu, siwezi kuwaoa, na mama yao anaweza kunituma sokoni kama aliyenizaa. Watoto wa mjomba wako upande mwingine wa mstari.

Hapa ndipo neno binamu linapopendeza. Kwa asili ni Kiarabu, nalo lina maana ya mwana wa ammi, yaani mwana wa ndugu wa baba. Lakini katika Kiswahili mwana wa ndugu wa baba tayari alikuwa na jina, naye ni ndugu. Neno lilipobisha hodi lilikuta kiti hicho kimekaliwa, likapewa kiti kilichobaki: kwa wasemaji wengi binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Neno la kuazima limeingia nyumbani likafuata sheria za nyumba. Umbo limekuja kutoka Arabuni, maana imekatwa kwa kisu cha Kibantu.

Lugha zilizokuja baadaye nazo zimepitia mlango huo huo. Kifaransa kilileta kuzen, neno lisilotofautisha upande wa baba na upande wa mama, na mjini linatumika sana. Lakini sikiliza Kifaransa cha Wakongo wenyewe. Mtu akisema frère anaulizwa papo hapo kama ni même père, même mère, baba mmoja mama mmoja. Mfaransa wa Paris hana haja ya nyongeza hiyo, maana kwake frère halina mlango mwingine. Sisi tunaihitaji kwa kuwa kwetu baba ni wengi. Msamiati umebadilika na mfumo umebaki.

Hata siasa imeingia katika mfumo huu. Katika Kongo yote Wabelgiji huitwa banoko, neno la Kilingala lenye maana ya wajomba. Mzaha huo una hesabu ndani yake. Baba ana amri juu yako na unamrithi. Mjomba ni mtu wa upande mwingine, anakudai heshima na wewe unaweza kumdai msaada, lakini nyumba yake si yako. Taifa zima limetumia neno moja la undugu kumweka mkoloni wa zamani mahali pake.

2. Kasongo ya waungwana

Tabaka la pili lilikuja na misafara. Karibu na mwaka 1875 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Mji ulikua kwa biashara ya pembe na ya watu hadi majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka Aprili 1893. Kabambare ilianguka mwezi wa Januari mwaka uliofuata.

Tunajifunza habari hizo kama historia ya vita, lakini zilikuwa pia historia ya familia. Tippu Tip mwenyewe, katika masimulizi ya maisha yake yaliyochapishwa kwanza na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, anaeleza jinsi alivyoupata utawala wa nchi ya Utetela. Alidai mbele ya mtawala wake, Kasongo Rushie, kwamba walikuwa na nasaba moja kupitia mwanamke wa ukoo huo aliyetekwa zamani. Mzee alimkubali kama mtoto wa nyumbani na kumwachia nchi. Bunduki peke yake haikutosha, ilimbidi mfanyabiashara aingie kwa mlango wa undugu, na mlango alioutumia ulikuwa ule wa mwanamke aliyepotea.

Wanawake wengine waliopotea hawakupata mjukuu wa kuwarudisha. Msafara ulimtenga mtu na ukoo wake, na mtu asiye na ukoo alikuwa mtwana au mjakazi. Njia ya kutoka katika hali hiyo ilikuwa kuwa mwungwana. Pwani neno hilo lilimtaja mtu aliyezaliwa huru. Maniema lilipanuka: waungwana wengi walikuwa watu wa huku huku, waliotekwa au waliojiunga, wakavaa kanzu, wakashika bunduki, wakasema Kiswahili. Ndiyo asili ya jina Kingwana. Kwa hiyo jina la lugha yetu kwanza lilikuwa jina la cheo, na cheo hicho kilikuwa dawa ya kukosa ukoo.

Neno bibi nalo limebeba alama hiyo. Katika Kiswahili cha Tanzania leo, mtoto akisema bibi yangu anamtaja mama wa mzazi wake. Kwetu mwanamume akisema bibi yangu anamtaja mke wake. Maana ya zamani kwa wote ilikuwa mwanamke mwenye heshima, mwenye nyumba, kama bwana alivyokuwa mwenye nyumba wa kiume. Pwani heshima hiyo ilielekea kwa umri, Kongo ilielekea kwa ndoa. Nadhani sababu haiko mbali. Katika mji ambako wanawake wengi waliingia wakiwa mateka, kuitwa bibi wa fulani kulimtofautisha mke na mjakazi. Maneno ya cheo yakageuka maneno ya nyumbani.

Pamoja na hayo Uislamu ulileta msamiati mzima wa sheria ya familia: nikaha, talaka, eda, mirathi, wasia. Haya si mapambo. Kabla yake watu walioana na kuachana, lakini eda iliyapa majira ya mjane au mtalikiwa hesabu ya siku, na mirathi ikaipa mali ya marehemu mafungu yanayojulikana. Huo ulikuwa mpango wa familia ulioandikwa, na ulifika Kasongo kabla ya Mbelgiji.

3. Kambi, amri na neno jamaa

Serikali ya kikoloni na makampuni yake yalitaka familia ya namna nyingine. Union Minière ya Katanga, iliyochukua wafanyakazi wengi kutoka Lomami, Maniema na Ruanda-Urundi, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwapendelea wafanyakazi wanaokaa kambini na wake zao. Nyumba, posho ya chakula, zahanati na shule vilihesabiwa kwa mume, mke na watoto wao. Shangazi hakuwa na posho.

Mwaka 1950, kwa amri ya tarehe 4 Aprili, serikali ilikataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia Januari 1951. Amri hiyo haikuwafukuza wanawake nyumbani, iliwaondolea jina. Katika Kasongo ya Waislamu mke wa pili aliyeolewa kwa nikaha mbele ya mashahidi aliendelea kuwa bibi kwa majirani na kwa imamu, ila kwenye daftari la serikali hakuwa mtu. Kifaransa cha Kongo baadaye kikampa mwanamke wa namna hiyo jina la deuxième bureau, biro ya pili. Linganisha na mke mwenza. Mwenza ni mwenye fungu, wakati biro ya pili ni mahali ambapo mwanamume anakwenda jioni. Mwanamke aliyekuwa na haki katika neno moja hana kitu katika neno la pili.

Neno jamaa pia lilisogea. Kwa Kiarabu ni kundi, kwa Kiswahili likawa watu wa ukoo, wa karibu na wa mbali. Katika miaka ya 1950 padri Mfransisko Placide Tempels, yule aliyeandika kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alianzisha huko Kolwezi chama cha Wakatoliki kilichojiita Jamaa. Johannes Fabian, aliyekichunguza, aliandika juu yake kitabu mwaka 1971. Kiini cha mafundisho yake kilikuwa umoja wa mume na mke, na wanachama walijulikana kama baba na mama. Wafanyakazi wa migodi walioacha koo zao mbali walikipokea kwa moyo. Ukitazama juu juu utasema Goode alishinda: jamaa limepungua hadi watu wawili. Ila wawili hao hawakubaki wawili. Katika Jamaa watu wasio wa damu moja walizaana kiroho, wakapata baba na mama wapya. Neno lilitoka kwenye ukoo likajenga ukoo mwingine.

4. Sheria ya familia, na mahari ni ya nani

Kongo huru ilipata kanuni yake ya familia kwa sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Kati ya hizo mbili kuna mabadiliko yanayoonekana. Mwaka 1987 msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15 na mvulana kuoa akiwa na 18. Sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009, kisha marekebisho ya 2016, ziliweka 18 kwa wote. Mwaka 1987 mke alihitaji ruhusa ya mume ili afanye tendo la kisheria. Mwaka 2016 ruhusa hiyo iliondolewa, yakawekwa makubaliano ya wote wawili, ingawa mume amebaki mkuu wa nyumba.

Sarufi yetu iko nyuma ya sheria, au pengine mbele yake. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kitenzi kimoja, kauli mbili, na kauli ya kutendwa ni ya mwanamke. Wengine huona hapo ushahidi kwamba Kiswahili kinamdharau mwanamke. Naona tusikimbilie. Lugha hiyo hiyo inayo kuoana, kauli ya kutendana, nayo ni ya zamani, hakuna bunge lililoitunga. Mofimu iko tayari ghalani, na jamii ndiyo inayochagua kuitoa. Mwenye kutafsiri sheria ya 2016 akiandika wenye kuoana badala ya mwoaji na mwolewa, hajavunja sarufi hata kidogo.

Penye shida ya kweli ni neno mahari. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe, na msingi wake uko katika Sura ya Wanawake, aya ya 4. Katika kanuni ya familia ya Kongo kitu kinachoitwa dot ni mali ambayo mchumba na familia yake wanakubaliana na wazazi wa msichana, kwa faida ya wazazi hao. Kiswahili cha kila siku huita vyote viwili mahari, au kwa neno fupi zaidi, mali. Sasa tuseme ndoa imevunjika na watu wanabishana nani arudishe nini. Mwanamke wa Kasongo aliyeolewa kwa nikaha anasema mahari ni yangu. Baba mdogo wake anasema mahari tuliipokea sisi. Kila mmoja anasema kweli katika sheria yake, na neno moja linawafanya waonekane waongo wao kwa wao. Mtafsiri angeweza kusaidia kwa kazi ndogo: kuliacha mahari kwa haki ya bibi harusi, na kuiita dot mali ya wazazi. Gharama yake ni maneno mawili zaidi.

Kuhusu urithi sheria inawapanga warithi kwa makundi. Watoto wanachukua robo tatu. Mjane, wazazi na ndugu wa marehemu wanagawana robo iliyobaki. Wajomba, baba wadogo na shangazi wanakuja katika kundi la tatu. Ni picha ya familia ndogo, lakini si ndogo kabisa, maana inawakumbuka wale ambao kambi iliwasahau. Sheria hiyo inasema pia kwamba kila mtoto Mkongo lazima awe na baba. Asiye na baba anayejulikana anapewa baba wa kisheria, na anatafutwa kwanza katika familia ya mama yake. Kwa maneno mengine, sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa Kinshasa inakwenda kugonga mlango wa mjomba. Pale ambapo Goode angetazamia mjomba atoweke, bunge limempa kazi.

5. Salamabila: dhahabu na yaka tofanda

Dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, ilichimbwa tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1976 makampuni ya migodi ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Baada yake ikaja kampuni ya Banro kutoka Kanada, iliyotoa dhahabu yake ya kwanza Namoya mwishoni mwa 2013 na kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Wachimbaji wadogo waliokuwa mashimoni walitakiwa waondoke. Wapiganaji wa Mai-Mai Malaika wakaingia katika ugomvi huo, barabara zikafungwa, wafanyakazi wakatekwa mwaka 2019, na mwaka uliofuata Banro ikauacha mgodi.

Historia hii inaandikwa kwa tani na kwa dola, na mara chache kwa nyumba. Shimo linamvuta kijana kutoka kwao bila mzee wa kumsindikiza kwa wakwe. Anakutana na msichana ambaye naye amekimbia vita kwao. Hakuna mali ya kutoa, hakuna baba mdogo wa kuipokea. Wanaanza kuishi pamoja. Hali hiyo ina jina lililotoka Kilingala likaenea Kongo nzima: yaka tofanda, njoo tukae. Kwa sura ni sentensi kamili yenye vitenzi viwili, na sasa inatumika kama nomino: ndoa ya yaka tofanda. Ni jina la ukweli, kwa sababu linataja kilichotendeka na kunyamaza kuhusu ambacho hakikutendeka. Ndani yake hamna kuoa wala kuolewa, hamna mali, hamna mashahidi.

Kwa mwanamke ukimya huo ni mzito. Sheria inaitambua ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa, au ile ya desturi iliyoandikishwa. Nikaha peke yake haitoshi, na yaka tofanda haipo kabisa. Shimo likiporomoka, mwanamume akafa, ndugu zake wanaweza kufika kutoka mbali na kuchukua vyombo, mashine ya kusagia mawe na hata godoro. Mwanamke hana neno la kujitetea. Majirani walimwita bibi wa fulani kwa miaka sita, lakini bibi wa mtaani na mke wa sheria sasa ni watu wawili. Watoto wana hali bora kidogo: wakitambuliwa na baba yao wakati wa uhai wake, wanarithi kama wengine, hata kama wazazi hawakuoana. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mama wa Salamabila ni wa karatasi: mtoto aandikwe, na baba yake aweke sahihi angali hai.

Lakini ni kosa kusema kwamba karieri imeua familia. Katika migodi ya mashariki wanawake wanaotwanga mawe hujulikana kama mamans twangaises, neno lililochukua kitenzi chetu kutwanga na kukivalisha kiishio cha Kifaransa. Tazama neno la kwanza, maman. Hawakuitwa wafanyakazi, waliitwa kwa jina la undugu. Na vita vilipowatawanya watu wa Kabambare, watoto wengi hawakubaki bila mtu wa kuwaita wao. Walihesabiwa watoto wa mama mkubwa, wa shangazi, au wa jirani aliyekimbia nao. Mfumo ule wa baba wengi na mama wengi, ambao wataalamu waliutazamia ufe kwa sababu ya mji, ndio uliofanya kazi mji ulipowaka moto.

6. Marekani na fomu yake

Sasa tuirudie Marekani iliyokuwa kipimo. Yenyewe haikukaa mahali pamoja. Katikati ya miaka ya 1950 nusu ya wanawake wa huko walioolewa mara ya kwanza walikuwa hawajapita miaka 20 au 21. Mwaka 2020 umri wa katikati ulikuwa umefika 28. Mwaka 1960 nyumba za mtu mmoja zilikuwa asilimia 13 ya nyumba zote, na mwaka 2020 zilikuwa zaidi ya robo. California iliruhusu talaka bila kutafuta mwenye kosa kuanzia Januari 1970, na majimbo mengine yakafuata. Lakini kuna namba inayokwenda kinyume: kwa hesabu ya kituo cha utafiti cha Pew, Wamarekani wanaoishi katika nyumba za vizazi kadhaa pamoja walikuwa asilimia 7 mwaka 1971, na mwaka 2021 walikuwa asilimia 18. Gharama za nyumba, uhamiaji na kazi vimewarudisha babu na bibi mezani. Safari ya upande mmoja haikuwa ya upande mmoja hata kwa waliotoa ramani.

Wala hawakuwa wote familia moja. Mwaka 1974 Carol Stack alichapisha uchunguzi wake wa familia za Wamarekani weusi maskini katika mji mmoja wa kati ya nchi, akaonyesha jinsi watoto, nguo na fedha vinavyopita kati ya nyumba za jamaa, na jinsi mtoto anavyokuwa na zaidi ya mama mmoja. Ripoti ya serikali ya mwaka 1965 ilikuwa imeziita familia hizo zilizovurugika. Stack alikuta mpango. Msomaji wa Salamabila atautambua mpango huo bila kufundishwa.

Pamoja na hayo David Schneider, mwaka 1968, alieleza kwamba undugu wa Wamarekani husimama juu ya nguzo mbili: damu na sheria. Ndugu ni wa kuzaliwa au wa hati. Maelezo hayo yamenisaidia kuelewa jambo linalowasumbua watu wetu. Katika miaka ya 2010 wakimbizi Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa Marekani, wengi wakipitia kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996. Fomu za kuunganisha familia ziliwataja mume au mke, wazazi, na watoto wasioolewa walio chini ya miaka 21. Damu na sheria.

Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliusimamisha mojawapo wa mipango hiyo baada ya kuwapima vinasaba waombaji, kwanza Wasomali na Waethiopia huko Nairobi, kisha wengine katika nchi nyingine za Afrika. Uhusiano wote uliodaiwa ulithibitishwa katika chini ya asilimia 20 ya maombi, na kati ya yale yasiyothibitishwa yalikuwemo ya watu waliokataa kupimwa. Mpango ulifunguliwa tena mwaka 2012, safari hii vipimo vikiwa sharti. Sitadai kwamba hapakuwa na udanganyifu, palikuwapo. Lakini maabara haiwezi kumtofautisha mwongo na mtu aliyejibu swali kwa sarufi ya kwao. Mama akiulizwa una watoto wangapi, akajibu saba, na wawili kati yao aliwazaa marehemu dada yake, hajasema uongo. Katika lugha yake yeye ni mama mdogo wao, na mama mdogo ni mama.

Kosa limetokea katikati, pale alipokaa mkalimani. Mtoto halitaji kuzaa. Kwa asili yake linataja udogo; neno la nasaba lilikuwa mwana, ambalo mazungumzo ya kila siku yameliacha liende kwenye majina na methali. Mkalimani akiigeuza mtoto wangu moja kwa moja, amehamisha neno na kuacha mfumo wake nyuma. Swali moja la nyongeza lingetosha: ulimzaa, au unamlea? Lugha yetu inayo njia ya kutofautisha, mtoto wa kuzaa na mtoto wa kulea. Haiitumii kila siku kwa sababu ni adabu kutoitumia. Mtoto wa kulea asikumbushwe mezani. Adabu hiyo ya nyumbani, mbele ya ofisa, inageuka kuwa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Hitimisho

Tumepita matabaka matano, na katika kila moja nguvu mpya ilitaka kuipanga familia upya: msafara, msikiti, kambi, bunge, shimo la dhahabu. Kila moja iliacha maneno. Hakuna iliyofaulu kuufuta mstari ule wa kwanza, unaoweka baba na ndugu zake upande mmoja na mjomba upande wake. Binamu liliutii mstari huo, frère likautii, na hata sheria ya 1987 iliuinamia ilipomtafuta baba kwa mtoto asiye naye. Kilichobadilika ni nani anabaki bila jina: mjakazi jana, mke wa pili mwaka 1951, mwanamke wa yaka tofanda leo.

Kwa kitivo chetu naona kazi tatu zinazowezekana. Ya kwanza ni kukusanya majina ya undugu ya Kibangubangu, Kizimba na Kikusu pamoja na ya Kiswahili cha Kasongo, wazee wanaoyajua wakiwa bado nasi. Ya pili ni kuandaa orodha fupi ya maneno ya sheria ya familia kwa Kiswahili, inayotenganisha mahari na mali ya wazazi, bibi na mke aliyeandikishwa. Ya tatu ni kuwafundisha wakalimani swali lile la nyongeza. Wanafunzi wa lugha hatuwezi kufungua barabara ya Salamabila wala kuleta amani Namoya. Ila mama aliyejibu saba, akaandikwa mwongo, huyo tunaweza kumsaidia, maana shida yake ni somo letu.